Mkia wa Land Rover: historia ya tairi la spea, kutoka Anglesey hadi Mlimba

Sisi watu wa mjini tuna kawaida ya kulisoma gari kwa mbele. Tunatazama nembo, taa, namba, halafu tunajua (au tunadhani tunajua) mwenyewe ni nani. Leo naomba tuzunguke nyuma. Huko kuna historia ambayo hatuisomi, na kwa mtu anayetoka Ifakara kwenda Mlimba wakati wa masika, huko nyuma ndiko penye tofauti kati ya kufika na kulala njiani.

Nalisema hili kwa sababu vijana wenzangu wengi wakiona gari lina bampa zito la chuma nyuma na keria ya tairi inayofunguka kama geti, wanasema mbwembwe hizo. Mbwembwe zipo, sibishi. Prado inayotoka Mikocheni kwenda Mlimani City haihitaji chuma cha kuvutwa na trekta. Lakini kifaa chenyewe hakikuzaliwa kwa mbwembwe.

Tuanzie vitani. Jeep ya jeshi la Marekani, ile iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1941, ilibeba tairi la spea nyuma, na pembeni yake dumu la mafuta. Vita vilipokwisha, zikabaki Jeep nyingi zinauzwa kwa raia. Moja ikawa ya Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, aliyekuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales. Kutokana na Jeep ile likaja wazo la Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu na chasisi ikabaki ya chuma. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Land Rover ya zamani haikuwa na bampa la nyuma kama tunavyolijua leo. Ilikuwa na mhimili wa chuma uliokatiza mwisho wa chasisi, wenye matundu ya kufungia ndoano. Ukiivuta hapo unavuta uti wa mgongo wa gari, si ngozi yake. Tairi la spea nalo liliwekwa wapi? Kwenye 109, ile ndefu, mara nyingi lililazwa juu ya boneti, ndiyo maana kila ukitaka kutazama maji ya rejeta unanyanyua boneti na tairi kwa pamoja. Wengine wakalihamishia mlango wa nyuma. Tairi na rimu yake ya chuma ni zaidi ya kilo 30, nao mlango ni bati la aluminiamu juu ya fremu nyembamba. Kwenye lami unaweza usione tatizo. Kwenye makorongo uzito ule unaruka na kugonga kwa saa nzima, bawaba zinalegea, mlango unashuka, mwishowe unapasuka.

Sasa twende bondeni. Barabara ya Ifakara hadi Mlimba imepita chini ya milima ya Udzungwa, na mito inayoshuka kutoka huko, kama Mngeta na Kihansi, lazima uivuke. Upande wa pili kuna uwanda wa mafuriko wa Mto Kilombero. Udongo wa mfinyanzi ukilowa haushiki tairi, unalimeza. Kwa miaka mingi hii imekuwa barabara ya udongo inayowatesa watu kila masika.

Historia ya Mlimba tunayofundishwa ni ya reli. Sawa, inastahili. Kipande cha kwanza cha TAZARA, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilikamilika mwaka 1971, kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, ya mahandaki na madaraja kupanda kwenda Makambako. Reli nzima ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Barabara ilipokatika, treni ndiyo ilikuwa mkombozi. Lakini treni inaishia stesheni. Kutoka stesheni hadi zahanati, au kutoka shamba la mpunga hadi stesheni, ni kazi ya trekta, pikipiki, au gari lenye kuendesha magurudumu yote manne. Historia ya magari haya hakuna aliyejisumbua kuijengea mnara.

Land Rover ikaanza kupitwa na Land Cruiser. Ile tunayoiita Hardtop, muundo ulioanza mwaka 1999, ndiyo imekuwa gari la wagonjwa sehemu nyingi za nchi. Na kwenye Hardtop nyingi tairi la spea linaning'inia wapi? Mlangoni, nyuma! Yaani kosa la Anglesey limesafiri mpaka Japani likarudi kwetu. Fikiria mlango huo ndio unaopitishia machela. Bawaba zikichoka, mlango ukagoma kufunguka, ndani kuna mama mjamzito mwenye uchungu... hapo sidhani kama kuna mtu atazungumzia mbwembwe.

Magari mengine, kama Hilux, yanabeba spea chini ya tumbo la nyuma, kwa mnyororo. Ni mahali pazuri sana mpaka siku gari litakapozama matopeni na kupata pancha humo humo. Tairi la kukuokoa liko ndani ya tope, na inabidi uchimbe kwanza.

Halafu ikaja plastiki. Kuanzia miaka ya 1990 magari haya yalizidi kutengenezwa kwa ajili ya watu wa mjini, bampa la nyuma likawa ganda laini la kupakwa rangi. Huwezi kuweka jeki pale, na ukifunga kamba unabaki na bampa mkononi. Australia walikuwa wameshaanza kulijibu tatizo la namna hii: mwaka 1975 Tony Brown alianzisha ARB, baada ya safari ya nyikani kumwonyesha jinsi vifaa vya magari vilivyokuwa dhaifu. Bampa za chuma zikawa biashara kubwa duniani.

Kuhusu kufunga, siri ni moja: uzito uende kwenye chasisi. Bampa la kiwandani linatolewa, la chuma linafungwa kwa bolti ngumu (tazama kichwani, iwe imeandikwa 8.8 au zaidi) zinazopita kwenye chasisi zenyewe, si kwenye bati la bodi. Mkono wa keria unazunguka juu ya ekseli fupi yenye beringi za koni na grisi, kama kitovu cha gurudumu la trela. Mafundi wetu wa mtaani wanajua kuchomelea vizuri sana, ila wengine wanaweka bawaba za geti. Bawaba ya geti ni ya geti jamani! Baada ya mvua mbili tatu keria inacheza na kelele zake zinasikika Mang'ula. Mkono ukifungwa ukae juu ya mpira, na komeo lake liwe rahisi kufunguliwa na mtu mmoja gizani, hasa kwenye gari la wagonjwa.

Kuna gharama pia. Bampa, keria na tairi kwa pamoja vinaweza kuzidi kilo 80, zote nyuma ya ekseli, hivyo mbele ya gari inakuwa nyepesi na springi za nyuma zinalala. Ongeza jani moja la springi kabla hujajaza magunia. Namba na taa zikizibwa na tairi, zihamishwe. Na wakati wa kunasuliwa usifunge kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Ukikatika unaruka kama risasi, na umeshaua watu. Tumia pete nene zilizochomelewa kwenye bampa na kupita mpaka nyuma ya bamba lake, na wanaotazama wasogee mbali, maana kila gari likikwama kijiji kizima huwa kinakuja kutoa ushauri.