Kaliba na Kiasi

Mwandishi akituarifu kwamba kiboko aliyekuwa akiharibu mpunga huko Budalang'i, magharibi mwa Kenya, ameuawa kwa "risasi ya kaliba 7.62", msomaji atadhani ameelezwa nguvu ya risasi hiyo. Hajaelezwa. Bastola ya Tokarev ni 7.62. AK-47 ni 7.62. G3, bunduki ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miongo mingi, nayo ni 7.62. Risasi ya Tokarev hutoka mtutuni na nishati ya jouli 500 hivi, ya AK-47 hukaribia au huvuka kidogo 2,000, na ya G3 hupita 3,000. Kiboko ana uzito wa zaidi ya tani moja, na ngozi yake mahali pengine hufikia unene wa sentimita 5. Tofauti ya namba hizo tatu ni tofauti kati ya kumuua na kumkasirisha. Hata hivyo risasi zote tatu zinapita katika tundu la upana uleule, na upana ndio pekee unaotajwa na neno kaliba.

Nalipenda neno hili na nataka libaki. Ninachotaka ni lipunguziwe mzigo, kwa sababu tumelibebesha kazi za maneno matatu.

Kwanza, si neno geni kama linavyoonekana. Kiswahili kina kalibu, chombo ambamo madini yaliyoyeyushwa humiminwa yapate umbo. Tulilipata kutoka Kiarabu, qalib. Wanaisimu wengi wa Ulaya wanaifuata asili ya calibre ya Kifaransa hadi Kiitaliano, na kutoka Kiitaliano hadi qalib hilohilo. Neno moja lilisafiri kwa njia mbili: moja ilivuka Mediterania, nyingine ikateremka pwani yetu, na sasa ndugu hao wamekutana tena katika kamusi moja. Ujamaa wao si wa sauti tu. Zamani mwenye bunduki alijimiminia risasi zake mwenyewe kwa madini ya risasi, na kalibu yake ilipaswa kuoana na mtutu wake. Risasi iliyopwaya ilipoteza shabaha, na iliyobana mno haikuingia.

Pili, kaliba imekwisha kuzoeleka katika magazeti na redio kwa maana ya hadhi: mchezaji wa kaliba ya juu, kiongozi wa kaliba fulani. Hapa ndipo nadhani kosa letu linapozaliwa. Msomaji aliyezoea kaliba ya wachezaji akisikia "bunduki ya kaliba kubwa" anaelewa bunduki bora, bunduki kali. Maana ya kitamathali imefika mapema na kuketi mahali pa maana ya kifundi.

Fasili ya kifundi ni fupi: kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu, au cha risasi ipitayo humo, kinachotajwa kwa inchi au kwa milimita. Neno "au" katika fasili hiyo ndilo lenye balaa. Mtutu wa raifo, tofauti na ule wa gobori, umechongwa ndani mifuo inayozunguka kama msokoto ili risasi itoke ikijizungusha na ishike njia yake. Kati ya mfuo na mfuo hubaki tuta. Ukipima kutoka tuta hadi tuta la upande wa pili utapata kipenyo kidogo. Ukipima kutoka mfuo hadi mfuo utapata kikubwa zaidi. Watengenezaji wengine walichagua kipimo cha kwanza, wengine cha pili, na wengine walichagua namba iliyopendeza masikioni. Bunduki ya .303 ya Waingereza, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba katika vita vyao, ilipewa jina kwa kipimo cha matuta, na risasi yake ina kipenyo cha inchi .311 hivi. Risasi ya .308 Winchester ilipewa jina kwa kipimo cha mifuo. Milimita 7.62 za G3 ni inchi .300 kamili, yaani matuta tena, ilhali risasi inayoingia humo ni ya inchi .308. Kwa hiyo .308 na 7.62 ya G3 zinatumia risasi za upana mmoja ijapokuwa majina hayafanani.

Mfasiri asichukue kikokotoo, basi, akaigeuza .308 kuwa milimita 7.82. Namba ile imekwisha kuwa jina, na jina halikokotolewi. Vivyo hivyo .30-06: tarakimu mbili za mwisho hazipimi kitu bali zinataja mwaka 1906, ambapo jeshi la Marekani liliipokea. Shotigani zina hesabu yao, inayokwenda kinyume. Geji 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa mafungu 12, fungu moja likifanywa tufe litaenea mtutuni. Geji 20 basi ni mtutu mwembamba kuliko geji 12. Geji isiitwe kaliba.

Sasa neno la pili, ambalo naliona zuri kuliko la kwanza. Waingereza wanapotaja mchanganyiko mzima uliomo ndani ya ganda, yaani uzito na aina ya risasi, wingi na aina ya baruti, wana neno lao moja fupi, load. Sisi tumekuwa tukisema "risasi" tu, na risasi kwetu ni madini, ni kile kinachoruka, na ni kifurushi kizima chenye ganda. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili zina kiasi cha bunduki, na kiasi hapo si kipimo peke yake. Ni baruti na risasi vilivyofungwa pamoja tayari kwa kupigwa. Mwenye gobori alipima baruti, akaimimina, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kiwanda kilipoanza kumfanyia kazi hiyo ndani ya ganda la shaba lenye fataki kitakoni, neno kiasi lilihamia kwenye kile kilichokwisha kupimwa. Sijui neno jingine katika Kiswahili linaloifaa dhana hii kama hili. Linasema papo hapo kwamba kuna kipimo, na kwamba kipimo kingeweza kuwa kingine.

Tukiwa na maneno mawili, lile fumbo la 7.62 linafumbuka. Kaliba ni moja, viasi ni vitatu. Ganda la Tokarev lina urefu wa milimita 25, la AK-47 lina 39, la G3 lina 51, na urefu huo ni nafasi ya baruti. Ndiyo maana wenye kujua huandika 7.62×39 na 7.62×51. Namba ya kwanza ni ya kaliba, ya pili ni ya ganda. Uzito wa risasi yenyewe hutajwa kwa greni, kizio ambacho asili yake ni punje ya shayiri, na greni 7,000 hufanya ratili moja. Ningeacha greni ibaki greni. Tukisema punje 180, msomaji atafikiri tunahesabu punje za baruti, na mtu anayejaza maganda yake mwenyewe akichanganya uzito wa risasi na uzito wa baruti anaweza kupasua bunduki usoni mwake.

Mto Nzoia unaomwaga maji yake Budalang'i una historia inayohusu tofauti hii ya kaliba na kiasi moja kwa moja. Huko juu, mto huo unapita Mumias, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 misafara ya pembe za ndovu ilijiandaa kabla ya kwenda kaskazini. Mmoja wa waliotokea hapo ni Mskoti W.D.M. Bell, aliyezaliwa 1880 na baadaye akaitwa jina la Karamoja, nchi alikowinda. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa kaliba ndogo, milimita 7 ya Mauser, ambayo London iliuzwa kwa jina la .275 Rigby. Wenzake walibeba bunduki nzito zenye mitutu miwili. Bell alichagua kiasi chenye risasi ndefu ya greni 173, yenye koti gumu lisilofumuka, akajifunza mahali ubongo wa ndovu ulipo kwa kuyapasua mafuvu yao kwa msumeno. Idadi ile ya ndovu inanisikitisha. Lakini anayetaka kujua kwa nini kaliba peke yake haielezi lolote hatapata ushahidi ulio wazi zaidi. Upana ulikuwa mdogo, risasi ilikuwa ndefu na ngumu, na mkono ulijua pa kuipeleka.

Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi kwenye mto huohuo, juu zaidi katika nyanda za Uasin Gishu, mwishoni mwa 1909. Alikuja na .30-06 kwa wanyama wa kawaida, .405 Winchester kwa simba, na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ndovu na vifaru. Alitenganisha kazi.

Vitabu vya Kimarekani vya uwindaji hujadili swali hili, la kiasi kipi kinamfaa mnyama yupi, hasa kwa elki, kulungu mkubwa wa milima ya huko, na mfasiri wa Kiswahili atakutana naye mapema. Elki dume ana uzito wa kilo 300 na ushei, na wawindaji wa huko hubishana kati ya .270, .30-06 na .300 Winchester Magnum, kwa risasi za greni 150 hadi 200. Mbili za mwisho zina risasi za kipenyo kimoja, inchi .308, na neno Magnum linadokeza baruti nyingi zaidi, yaani kiasi kikubwa katika kaliba ileile. Msomaji wetu atamlinganisha elki na nani? Nadhani na pofu, na historia inatuunga mkono kwa namna ya ajabu: Waholanzi waliofika Rasi ya Tumaini Jema walimwita pofu eland, jina la mnyama mkubwa wa kwao Ulaya ambaye Waingereza walimwita elk. Ila pofu dume hupita kilo 500 kwa urahisi na wengine hukaribia 900, kwa hiyo kiasi kinachomtosha elki kisichukuliwe kuwa kinamtosha pofu. Katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, kwa wanyama hatari kama ndovu na nyati hairuhusiwi kushuka chini ya .375. Sheria imeweka mpaka kwenye kaliba kwa sababu kaliba ni rahisi kupimwa na askari getini. Ulinzi hasa unatoka kwenye kiasi: .375 Holland & Holland ya 1912 hurusha risasi ya greni 300 kwa nishati inayokaribia jouli 5,800.

Kenya haina wawindaji wa aina hiyo tangu Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Tanzania iliufunga 1973 ikaufungua tena 1978, na Uganda ilianza tena kwa majaribio karibu na Ziwa Mburo 2001. Kwa hiyo huku Budalang'i anayemkabili kiboko kwa bunduki kihalali ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, sheria iliyoweka pia fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Viboko hutoka majini usiku kula, na kati ya Ziwa Victoria, mto Nzoia na kinamasi cha Yala wanakutana na mahindi, mpunga na watu wanaorudi kutoka kuvua.

Chaguo la kiasi hapa lina ugumu ambao mwindaji wa elki mlimani haujui. Kiboko akiwa majini huonyesha macho, masikio na pua tu. Ubongo wake ni mdogo na umezungukwa na mfupa mzito. Risasi yenye ncha laini, ambayo ndani ya elki huchanua kama ua na kuumiza mahali papana, huweza kuchanua kabla ya kuupita mfupa huo. Panahitajika risasi ngumu isiyobadilika umbo, ya kaliba inayoipa uzito wa kutosha. Lakini risasi ngumu ikipiga uso wa maji kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea na safari, na hapa ng'ambo ya maji kuna mitumbwi, na nyuma ya tuta la mto kuna nyumba. Askari hulazimika kuzingatia kilicho nyuma ya mnyama kabla ya mnyama mwenyewe. Mnyama aliyepigwa akafa huzama, huibuka saa kadhaa baadaye gesi zikimjaa tumboni, na watu waliosimama ufukweni wakidhani amekoswa huona kumbe alipigwa mara moja tu.

Ripoti ya tukio kama hilo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kukopa zaidi ya tulivyokwisha kukopa: bunduki ya kaliba .375 Holland & Holland, kiasi cha kiwandani chenye risasi ngumu ya greni 300, imepigwa nchi kavu kutoka hatua kadhaa, upande wa shamba kuelekea mtoni. Daktari wa mifugo akiuliza kwa nini jeraha ni jembamba, jibu limo kwenye neno ngumu. Mwenye shamba akiuliza kwa nini walisubiri hiyo badala ya kutumia G3 iliyokuwepo, jibu limo kwenye neno kiasi. Kaliba itamjibu fundi anayetafuta mtutu gani uoane na ganda lililookotwa chini, na hata yeye atahitaji kuupima urefu wa ganda hilo.