Karlsruhe na Makongamano Yaliyofuata

Mwezi wa Septemba mwaka 1860 wanakemia wapatao 140 walikutana Karlsruhe, katika dola ya Baden, kwa mwito wa August Kekulé, Adolphe Wurtz na Karl Weltzien. Na haja iliyowakutanisha ilikuwa dhahiri, kwa maana elimu yao ilikuwa imefikia hali ambayo wanazuoni wawili, wote mahodari, waliweza kuandika habari za maji yale yale kwa alama zisizopatana, ilhali kwa asidi ya siki peke yake, kama Kekulé alivyoonyesha katika kitabu chake mwaka uliofuata, zilikuwa zimekwisha kupendekezwa kanuni 19.

Siku tatu walijadiliana, wala hawakupata ijmai. Wako waliosema kwamba mambo ya elimu hayapigiwi kura, nami naona walisema haki. Lakini Stanislao Cannizzaro, mwalimu wa Genoa, alisimama akaitetea rai ya Avogadro, kwamba gesi za ujazo sawa, katika joto na mgandamizo ule ule, zina molekuli sawa kwa idadi, rai ambayo ilikuwa imepuuzwa tangu mwaka 1811, akataka uzani wa atomi uhesabiwe kwa kuifuata. Na watu walipokuwa wakiagana, Angelo Pavesi, rafiki wa Cannizzaro, akawagawia kijitabu cha Cannizzaro. Kijitabu chenyewe kilikuwa kimepigwa chapa mwaka 1858, na yeyote aliyetaka angaliweza kukisoma nyumbani kwake. Wachache ndio waliotaka, mpaka walipokwisha kumwona mwandishi wake akikipigania. Lothar Meyer alikitia mfukoni, akakisoma, na shaka zikamtoka. Na Dmitri Mendeleev, kijana wa miaka 26 aliyekuwapo akisikiliza, alirudi na msingi ambao bila huo jedwali lake la elementi la mwaka 1869 lisingalipangika.

Mikutano ya namna hii ilikuwa imeanza Leipzig mwaka 1822, Lorenz Oken alipowaalika wachunguzi wa maumbile na matabibu, na Waingereza wakafanya wao York mwaka 1831. Reli iliirahisisha, na maonyesho makubwa ya mataifa yakaizidisha: Paris, mwaka 1900, yalifanyika makongamano zaidi ya 100, na katika mojawapo David Hilbert alisoma masuala 10 kati ya yale 23 yaliyokuja kuwashughulisha wanahisabati karne nzima. Mengi ya makongamano yale mengine hayakumbukwi.

Hali iligeuka pale vyuo vikuu viliposhika kumpima mwalimu kwa idadi ya makala zake, kwani hapo kongamano lilipata wateja wa aina ya pili, ambao haja yao ni jina kuwamo katika ratiba. Na penye mhitaji wa namna hiyo hakosekani wa kumwuzia, kwa ada nzito, nafasi ya kusoma mbele ya viti vitupu. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, Marekani, walitunga programu iitwayo SCIgen, iungayo maneno ya kitaalamu pasipo maana yoyote, wakapeleka makala yake kwa kongamano moja la Orlando, nayo ikakubaliwa. Hila ilipofichuka mwaliko ulibatilishwa. Wao wakasafiri vivyo hivyo, wakapanga chumba katika hoteli ile ile, wakasoma porojo zao kwa taadhima zote za kitaaluma. Ningalicheka zaidi, lau si kwamba mwaka 2014 wachapishaji Springer na IEEE walilazimika kufuta makala zaidi ya 120 za aina hiyo hiyo, zilizogunduliwa na Cyril Labbé wa Grenoble katika vitabu vya makongamano, na baadhi ya makongamano hayo yalikuwa yametangaza kwamba kila makala ilipitiwa na wajuzi.