Treni za mfano za enzi ya kwanza ya mvuke
Ni nakala ndogo za injini na mabehewa ya miaka ya 1820 na 1830, zinazokusanywa na wapenzi wa reli, hasa Ulaya na Marekani. Maarufu kuliko zote ni Rocket, injini ya Robert Stephenson iliyoshinda mashindano ya Rainhill, Uingereza, Oktoba 1829. Kampuni ya Tri-ang ilitoa nakala yake miaka ya 1960 kwa kipimo cha 1:76. Kampuni ya Hornby ikatoa nyingine mwaka 2020. Wajerumani huipenda zaidi injini ya Adler, iliyoanza safari kati ya Nürnberg na Fürth tarehe 7 Desemba 1835.

Mkusanyaji makini hutazama silinda kwanza. Rocket ilipotoka kiwandani, silinda zake zilikaa kwa mwinuko mkali. Muda mfupi baadaye zilishushwa hadi karibu kulala, na ndivyo ilivyo injini halisi iliyohifadhiwa makumbusho. Nakala ya rangi ya manjano, rangi ya Rocket siku za Rainhill, yenye silinda zilizolala, basi, imechanganya nyakati mbili. Injini hizi zilikuwa ndogo mno, hivyo kuficha mota ndani ya nakala ni kazi ngumu. Boksi la awali la nakala, likiwa zima, hupandisha bei yake.