Neno la Mwisho ni la Nani? Habari za Litowa na Mkutano wa Kijiji

Somo letu ni la historia. Mwalimu atawasomea karatasi hii pole pole, kisha kila mmoja wenu ajaribu kuisoma mwenyewe.

Tuanze na neno demokrasia. Mmelisikia mara nyingi, na maana yake ni utawala wa watu. Lakini watu hutawalaje? Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kumchagua mtu, kama diwani au mbunge, akaseme kwa niaba yenu. Ninyi mnarudi shambani, yeye anakwenda barazani. Njia ya pili ni ninyi wenyewe kukutana, kusema na kukata shauri, bila kumtuma mtu. Hiyo ya pili ndiyo tunayoitazama leo.

Watu wakiizungumza njia hii hutaja upesi nchi ya Uswisi, huko Ulaya. Nchi hiyo ina majimbo 26. Katika majimbo mawili, Glarus na Appenzell Innerrhoden, raia hukutana uwanjani mara moja kila mwaka kukata mashauri ya jimbo. Huko Glarus raia ye yote aweza kusimama mbele ya wenzake na kusema sheria fulani ibadilishwe. Kisha watu huinua kadi zao juu. Kiongozi wa mkutano hutazama kwa macho tu, akatangaza upande ulio na watu wengi. Na kwa nchi nzima, raia 50,000 wakitia sahihi zao katika siku 100, sheria iliyokwisha kupitishwa na bunge hurudishwa kwa wananchi wote waipigie kura.

Hayo ni mambo mazuri. Lakini msidhani ya kwamba Waswisi walizaliwa nayo yakiwa kamili. Wanawake wa Uswisi hawakupata haki ya kupiga kura katika mambo ya nchi nzima mpaka mwaka 1971. Huko Appenzell Innerrhoden wanaume waliendelea kuwakatalia katika mambo ya jimbo, hata mahakama kuu ya nchi ikawalazimisha mwaka 1990. Kwa muda mrefu, basi, walioitwa "watu wote" pale uwanjani walikuwa nusu tu ya watu.

Sasa tuiache Ulaya, maana Songea inayo habari yake yenyewe, na wazee wengine wanaikumbuka.

Katika mwaka 1960, kabla ya Uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wa Songea walikwenda porini kuanzisha kijiji mahali paitwapo Litowa. Katibu wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Mara ya kwanza walishindwa. Mwaka 1961 wakarudi, wakafyeka, wakalima, na safari hii wakakaa. Hawakuamriwa na mtu kwenda huko. Walitaka kulima shamba moja pamoja na kugawana kilichopatikana.

Jambo la kutazama hapa ni jinsi walivyojitawala. Katika Litowa mambo makubwa yalikatwa na mkutano wa wanakijiji wenyewe. Walichagua kamati ya kusimamia kazi za kila siku, na kamati hiyo ilijibu kwao. Shamba liwe kubwa kiasi gani, mavuno yagawanywe vipi, fedha kiasi gani ziwekwe kwa mahitaji ya kijiji, hayo yote yalisemwa mbele ya watu. Yafaa kukumbuka ya kwamba kukata shauri kwa njia hii huchukua muda. Mtu mmoja aweza kutoa amri kabla chai haijapoa, lakini watu mia wakiulizwa, jua litakuchwa. Watu wa Litowa waliona afadhali jua likuchwe, kwa sababu mtu aliyekubali jambo kwa kinywa chake huamka asubuhi na jembe lake bila kupigiwa kelele.

Vijiji vingine vikafuata mfano huo, na mwaka 1963 vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliishi nao Litowa pamoja na jamaa yake, akawa mshauri. Kazi yake ilikuwa kushauri tu, maana kukata shauri ilikuwa kazi ya wanakijiji. Chama kikapata mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Litowa ikawa na shule yake, chini ya mwalimu Suleman Toroka, na watoto walisoma na kulima. Kufika mwisho wa miaka ile ya 1960 vijiji vya chama vilikuwa zaidi ya 10. Mwalimu Nyerere aliupenda mfano huu. Alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967, alieleza kijiji kinachotawaliwa na wale wanaokaa ndani yake. Watu wa Litowa walikuwa wakikaa hivyo tangu miaka sita nyuma.

Lakini hapo ndipo taabu ilipokuwa. Kijiji kilichozoea kukata mashauri yake mwenyewe, kikiletewa amri kutoka juu, hujibu, "Ngojeni kwanza tuzungumze mkutanoni." Jibu hilo halikuwapendeza baadhi ya viongozi wa mkoa na wa TANU. Waliona chama hiki kinakwenda njia yake. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikutana Dar es Salaam ikakifuta Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zilichukuliwa. Walimu wa Litowa walihamishwa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amekisifu, hakuuzuia uamuzi huo.

Ndugu zangu, someni tena mistari hiyo. Watu waliokuwa wakikata kila shauri katika mkutano wao, shauri kubwa kuliko yote lilikatwa mahali wasipokuwapo, wala hawakuulizwa. Kwa maoni yangu hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko hasara ya mashine.

Kijiji kimoja katika vile, Matetereka, kiliendelea kulima shamba la pamoja kwa miaka mingi baada ya chama kufutwa.

Mwezi wa Novemba 1973 ikatoka amri ya kwamba watu wote wa mashambani wakae vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu. Neno lilikuwa lile lile, kijiji, lakini kitu hakikuwa kile cha Litowa. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliweka mkutano wa watu wazima wote, ila kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua halmashauri ya kijiji. Na mwenyekiti wa chama mahali pale ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 iliongeza nguvu ya mkutano huo. Inasema ya kwamba mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wote wa kijiji waliofika miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Ndio unaoichagua halmashauri, na ndio unaoweza kuiondoa. Mkutano wa kawaida huitwa kila miezi mitatu.

Tena iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri huisimamia ardhi kama mdhamini, lakini haiwezi kuigawa bila mkutano mkuu kukubali. Ikiwa ardhi ya kijiji yatakiwa kuhamishwa iwe ya matumizi mengine, nayo haizidi hekta 250, mkutano mkuu waweza kukubali au kukataa. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600, si shamba dogo! Ikizidi hapo, neno la mwisho huwa la waziri, na kijiji hutoa maoni yake tu. Mpaka huo wa 250 ushikeni vizuri vichwani.

Viko vijiji ambako mkutano huitwa kwa wakati wake, mapato na matumizi yakasomwa, na mtu akauliza fedha za mnada zimekwenda wapi. Viko pia ambako miezi tisa hupita kimya, kisha watu wakaitwa kusikia jambo lililokwisha kukatwa, karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, na baadaye karatasi ile ile ikaonyeshwa kuwa ni sahihi za waliokubali. Asiyejua kusoma hutia dole gumba asijue amekubali nini.

Kazi ya darasa kwa juma hili ni hii. Wanafunzi wawili waende kwa ofisa mtendaji wa kijiji, wamwombe kwa heshima kitabu cha muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Watazame tarehe yake, wahesabu miezi iliyopita tangu siku ile, kisha wausome muhtasari huo kwa sauti mbele ya wenzao. Waliokuwapo mkutanoni waseme kama ndivyo walivyokubaliana.