Asilimia 16 iliyogoma kubadilika

Kenya ilianza kutoza VAT mwaka 1990. Aprili 2020 kiwango kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 2021 kikarudi 16. Duka moja la hadiwea hapa Nakuru lilikuwa na programu ya zamani ya FoxPro. Ile 16 iliandikwa ndani ya msimbo, na msimbo wenyewe ulishapotea. Mama mwenye duka alipiga hesabu kwa kalkuleta miezi tisa! Mwaka 2024 wateja wenye biashara wakaanza kudai ankara za eTIMS, maana bila hizo KRA haikubali gharama zao. Ndipo nikaitwa. Bahati nzuri faili za DBF zinasomeka hadi leo. Nilihamisha kwanza madeni ya wateja. Safari hii kiwango kinakaa kwenye jedwali, pamoja na tarehe yake ya kuanza.