KOROSHO YA NACHINGWEA NA RUANGWA: KWA NINI BADO INASAFIRI NA GANDA LAKE?

Kila msimu ukianza, kuanzia Oktoba hivi, barabara za Nachingwea na Ruangwa zinajaa malori ya magunia. Mnada unatangazwa, simu zinapigwa, kila mtu anauliza "bei imesimama ngapi?" Halafu sehemu kubwa ya mzigo inashuka bandarini na kupanda meli kwenda India na Vietnam, ikiwa na ganda lake vile vile ilivyookotwa chini ya mkorosho. Kubangua kunafanyika kule, na ajira za kubangua zinabaki huko huko. Kijana wa hapa anapata kazi ya kubeba gunia wiki chache, basi.

Sasa kwenye vijiwe utasikia majibu mepesi: "serikali haitaki", "wahindi wametubana", "sisi wavivu". Nimekusanya hapa mambo ya msingi, ili tukibishana tubishane kwa hoja.

VIWANDA VILIKUWEPO

Wengi wetu hatukuviona vikifanya kazi, ila vilijengwa. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1980 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kimoja kiliwekwa Nachingwea. Vingine vilikuwa Lindi, Mtama, Masasi, Newala (viwili), Mtwara, Likombe, Tunduru, Kibaha na Dar es Salaam (viwili). Kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Tatizo ni kwamba vingi vilikamilika wakati korosho zinaisha. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa kama tani 17,000 tu! Sababu zinazotajwa sana ni tatu. Kwanza, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori. Pili, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, haikumpa moyo wa kupalilia. Tatu, ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua.

Juu ya hapo, mitambo ya wakati ule ilikuwa inavunja vunja korosho. Na korosho iliyovunjika haina bei ya korosho nzima. Basi viwanda vikasimama, na kuanzia miaka ya 1990 vikaanza kuuzwa kwa watu binafsi. Baadhi ya walionunua waliona faida zaidi kuvitumia kama maghala ya kuhifadhia korosho ghafi za kusafirisha. Yaani jengo lililojengwa ili korosho isisafiri na ganda likawa kituo cha kuisafirisha na ganda.

KOROSHO ZIKARUDI

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilionyesha kwamba ubwiriunga unadhibitika kwa salfa na kwa miche inayovumilia ugonjwa. Mavuno yakapanda taratibu. Msimu wa 2017/18 yalifika tani 313,000 na kidogo, na 2024/25 yakapita tani 500,000. Kwa hiyo anayesema hatuna korosho za kulisha viwanda, huyo amepitwa na wakati. Zamani viwanda vilikuwepo korosho hakuna, leo korosho zipo tele, kiwanda ndiyo cha kutafuta.

FUNDISHO LA MIWA

Hapa naomba tukae kidogo. Mbona miwa ya Kilombero haisafirishwi India? Mbona kiwanda cha sukari kiko shambani kabisa, iwe Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC kule Moshi?

Jibu ni kwamba muwa haungoji. Ukishakatwa, sukari yake inaanza kupotea, inabidi usagwe ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo asili yenyewe inamlazimisha mwenye mtaji kujenga kiwanda jirani na shamba. Akitaka asitake.

Korosho haimlazimishi mtu. Ikikaushwa vizuri inakaa ghalani miezi, inavuka bahari, inafika ikiwa nzima. Kwa hiyo inaenda kubanguliwa popote ambapo mtaji ni wa bei nafuu, wabanguaji wamezoea na mashine zipo tayari. Nadhani hapo ndipo penyewe. Ukaribu wa shamba peke yake hauleti kiwanda, lazima hesabu ya pesa ikubali.

HESABU YA MBANGUAJI

Chukua mtu anataka kufungua kiwanda Ruangwa. Kupata kilo moja ya korosho karanga, yaani ile nyeupe ya kula, anahitaji kilo kama 4 hadi 5 za korosho ghafi. Kwa bei ya shilingi 3,300, ile serikali iliyonunulia mwaka 2018, malighafi peke yake ni shilingi 13,200 hadi 16,500. Hapo hajalipa mshahara, umeme, vifungashio wala usafiri.

Kingine ni muda. Mavuno ni ya miezi michache ila kiwanda kinatakiwa kifanye kazi mwaka mzima. Maana yake anunue mzigo wa mwaka kwa mkupuo, kwa mkopo, halafu alipe riba huku magunia yamelala ghalani. Na pale mnadani anashindana na mnunuzi wa nje ambaye mwenzake ana soko tayari, na mkopo wake una riba ndogo. Isitoshe, msimu wetu unaangukia wakati India na Afrika Magharibi hawajaanza kuvuna, kwa hiyo viwanda vya kule vina njaa na vinapandisha dau. Kwa mkulima ni raha, kwa mbanguaji wa hapa ni kilio.

Halafu kubangua siyo kupasua tu. Korosho inapikwa kwa mvuke, inapasuliwa, inakaushwa, inamenywa ngozi ya ndani, inapangwa madaraja. Ganda lina mafuta makali yanayochoma mikono. Ila mafuta hayo hayo ni mali, yanatumika kwenye rangi na breki za magari. Anayetupa ganda anatupa pesa.

MNADA UNAVYOKWENDA

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa uzito na ubora, unapelekwa ghala kuu. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu ni RUNALI. Wanunuzi wanatoa bei, wakulima wanakubali au wanakataa. Tangu 2024 mnada unaendeshwa kwa mtandao kupitia soko la bidhaa, TMX. Malipo yanapita kwenye chama mpaka akaunti ya mkulima, makato yakiwa yametolewa, ukiwemo ushuru wa halmashauri ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3.

Mfumo huu umesaidia kumbana kangomba, yule mnunuzi wa mlangoni anayekuja na kisado wakati wa njaa. Lakini ukicheleweshwa unauma. Aprili 2013 kule Liwale, jirani zetu kabisa, malipo ya pili yalikuja pungufu, hasira zikapanda, nyumba za viongozi zikachomwa moto. Hapo ndipo uone kwamba korosho siyo mambo ya takwimu tu, ni ada ya shule na bati la nyumba.

MWAKA 2018

Msimu wa 2017 bei ilipita shilingi 4,000. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000, wakulima wakagoma. Novemba Rais Magufuli akatengua mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, akaagiza serikali inunue zote kwa 3,300 na jeshi libebe. Kiwanda cha Buko, Lindi, nacho kikakabidhiwa jeshi ili kibangue.

Bei ilikuwa nzuri. Ila serikali ilijikuta na zaidi ya tani 200,000 na uwezo mdogo mno wa kubangua. Mkataba wa Januari 2019 na kampuni ya Kenya, Indo Power, wa kununua tani 100,000 haukufika popote. Wakulima wengi walisubiri pesa miezi mingi, na mzigo ukaja kuuzwa ghafi vile vile. Tamko lina nguvu ya kupandisha bei ya msimu mmoja. Kiwanda halikijengi.

USHURU UNAWEZA KUSAIDIA?

Anayesafirisha korosho ghafi alikuwa akitozwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi kubwa. Asilimia 65 ya pesa hiyo ilikuwa inarudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaenda mfuko mkuu wa serikali, na wabunge wa kusini wakapiga kelele bungeni.

Angalia jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Miaka ya 1990 Msumbiji, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilishusha ushuru wa korosho ghafi hadi asilimia 14. Viwanda vikafungwa, maelfu wakapoteza kazi. Kwa hiyo ushuru una kazi yake. Lakini ukiutoza halafu pesa isirudi kwa mbanguaji wala kwenye salfa, umemkamua mkulima bure, maana mnunuzi anaupunguza kwenye bei anayotoa mnadani.

TUFANYEJE SASA?

Nachingwea ni mji unaojua mradi mkubwa unavyokufa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukavunjwa 1951, na reli yake ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Mitambo ilitangulia, hesabu ikafuata nyuma. Viwanda vya korosho navyo ikawa hivyo hivyo.

Kwa hiyo safari nyingine mgombea akisimama jukwaani akisema "nitawaletea kiwanda", msipige makofi kwanza. Muulizeni mambo matatu. Mbanguaji atapata wapi mkopo wa riba nafuu wa kununua mzigo wa mwaka mzima? Je, atatengewa mzigo kabla ya mnada, na kama ndiyo, mkulima atafidiwaje bei? Na ushuru wa korosho ghafi unarudi kiasi gani kusini? Akijibu hayo, mpeni masikio. Akishindwa, huyo anawauzia jengo, na majengo tunayo tayari.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Hasa nyinyi mliowahi kufanya kazi ya kubangua, tupeni uzoefu.