Kuigiza Jirani: Maigizo na Ufundishaji wa Tamaduni Mbalimbali katika Shule za Msingi za Migori na Homa Bay

Migori na Homa Bay, kaunti mbili zilizokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya South Nyanza, huchukuliwa na wengi walio mbali kuwa nchi ya Waluo peke yao. Dhana hiyo ni ya haraka mno. Kuria Mashariki na Kuria Magharibi ni makao ya Wakuria, ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, Tarime nchini Tanzania. Miji ya Migori, Awendo na Rongo ina Wagusii, Waluhya, Wasomali na watu wenye asili ya Kihindi, waliovutwa na biashara na miwa. Visiwa vya Mfangano na Rusinga ni vya Abasuba, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Mtoto wa mji wa mpakani wa Isebania hutumwa dukani kwa lugha moja, akapatana bei kwa nyingine na kucheza kwa ya tatu. Kukutana na utamaduni wa mwingine ni jambo lisiloepukika kwake. Linalobaki mikononi mwa shule ni namna atakavyoandaliwa kukutana nao.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa madarasani mwaka 2019, unataja uraia miongoni mwa umilisi wa kimsingi, na heshima, umoja na amani miongoni mwa maadili ya kukuzwa. Vitabu hutimiza agizo hilo kwa picha: Mluo na nyatiti yake, Mkuria na viatu vizito vya mbao vya kuchezea ngoma. Picha hizo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba hazimtaki mtoto afanye lolote ila kukariri nani huvaa nini. Maigizo humtaka aseme kwa kinywa cha mwenzake, atake anachokitaka mwenzake, akasirike kwa sababu zinazomkasirisha mwenzake. Hata hivyo si kila igizo hufanya kazi hiyo, na tofauti kati ya linaloifanya na lisiloifanya ndiyo shule za eneo hili zinazopaswa kuijua.

Wazo la kumfunza mtoto kwa kinywa cha mwingine si geni. Kwa Waluo wa zamani, watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aitwaye pim, wakasikiliza sigana, yaani hadithi, na kujibizana vitendawili. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989, wanaonyesha kwamba pim aghalabu alikuwa mtu wa kutoka mbali, si wa ukoo ule aliolelea watoto. Hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Jamii ambayo leo husemwa kuwa ililea watoto ndani ya mila zake tu ilimkabidhi mgeni kazi ya kuwasimulia ulimwengu, na hekima aliyowapa ilivuka mipaka ya boma lao.

Shule za leo zina jukwaa kubwa zaidi, tamasha la kitaifa la maigizo, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1959 na ambalo sasa limeongeza filamu. Mashindano hupanda ngazi kwa ngazi hadi ya taifa, kwa michezo, mashairi, masimulizi na ngoma za kubuni. Tamasha hili limewapa watoto wa vijijini ujasiri wa kusimama mbele ya umati, na hilo halipaswi kubezwa. Lakini jicho la jaji huvuta kazi upande wa maleba, hatua zinazolingana na sauti zinazopaa pamoja. Shule yenye uwezo hukodi mkufunzi, naye huja na ngoma ya jamii nyingine ikiwa tayari imekatwa na kushonwa. Watoto huicheza vizuri sana bila kujua wenyewe huicheza lini, nani huruhusiwa kuicheza, wala maneno wanayoyaimba yana maana gani. Wanarudi nyumbani na kombe, na jirani yao anabaki kuwa vazi.

Igizo lifundishalo huwa dogo, na hufanyika darasani au chini ya mti. Tuseme Gredi ya 4 mjini Migori. Vifaa ni karai lenye vijiwe vinavyosimama badala ya omena wa Muhuru Bay, gunia la mchanga lililo badala ya mahindi ya Kegonga, na gorogoro moja ya kupimia. Mtoto wa Kiluo anapewa nafasi ya mkulima wa Kikuria. Wa Kikuria anakuwa mchuuzi wa omena. Hawapewi maneno ya kukariri. Wanapewa shida tu: mkulima ametembea tangu alfajiri na lazima arudi na samaki, mchuuzi ana deni la mwenye mtumbwi, na gorogoro imebonyezwa kitako.

Dakika mbili za kwanza ni kicheko. Kisha kitako cha gorogoro kinagunduliwa, sauti zinapanda, na mchuuzi, ambaye nje ya mchezo ni Mkuria, anamtupia mwenzake neno jamwa. Kwa Dholuo neno hilo humtaja asiye Mluo, na likitamkwa kwa sauti fulani huwa tusi. Mkuria huyo amelisikia uwanjani mara nyingi. Leo analirusha, na anayelipokea ni mtoto ambaye pengine hulisikia kwao bila kulishtukia. Hapo mwalimu anapiga makofi na wote wanaganda walipo. Haulizi nani amekosea. Anauliza mkulima amesikia nini, mchuuzi alitaka nini kabla ya neno lile kumtoka, na nani kati ya watazamaji anaweza kuchukua nafasi ya mmoja wao ili soko lisivunjike.

Mbinu ya kusimamisha onyesho na kumwita mtazamaji jukwaani ilipata umaarufu kupitia Augusto Boal wa Brazili tangu miaka ya 1970. Afrika Mashariki nayo ina njia yake: mwandishi wa tamthilia Penina Muhando na wenzake walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakitumia ngoma na maigizo kujadili shida zao, na mwaka 1998 Kisumu ilikuwa mwenyeji wa kongamano la dunia la maigizo na elimu. Walimu wa Nyanza hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Lugha inahitaji uamuzi wa makini. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watoto hawa, na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya lugha ya taifa huku ikiitaka serikali ilinde lugha nyingine za Wakenya. Igizo likifanywa kwa Kiswahili kitupu, utamaduni hubaki bila ulimi. Inafaa mazungumzo ya sokoni yawe kwa Kiswahili, na salamu, kiapo na mshangao vibaki katika lugha ya mhusika. Mtoto akilazimika kumwendea mwenzake wa dawati amfundishe namna ya kumwamkia mzee kwa Kikuria, tayari yule aliyezoea kuchekwa kwa lafudhi yake amekuwa mwalimu.

Mfangano na Rusinga huleta suala zito zaidi. Watoto wengi huko ni Abasuba kwa nasaba na wasemaji wa Dholuo kwa malezi. Olusuba, lugha ya Abasuba, imo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Picha ya kitabu haina mahali pa mtoto kama huyo, kwa kuwa humtaka awe mmoja tu. Jukwaani anaweza kuwa bibi anayesimulia kwa Olusuba na mjukuu anayejibu kwa Dholuo, akaonyesha kuwa tofauti za tamaduni hukaa pia ndani ya nyumba moja, hata ndani ya mtu mmoja.

Hatari zipo. Kuiga lafudhi ili kuchekesha ni njia ya mkato inayoua somo zima, na mwalimu asipoikata mapema darasa huondoka na dharau iliyopigiwa makofi. Jando, ambalo Wakuria hulithamini na ambalo Waluo kwa asili hawakuwa nalo, ndilo chimbuko la kejeli nyingi kati yao. Halifai kuigizwa na watoto wadogo, lakini heshima ya kila upande kwa namna yake ya kumkuza mtoto inaweza kuzungumzwa. Madarasa nayo yamejaa. Darasa la watoto 60 huwezekana kwa makundi, watano wakiigiza na waliobaki wakiwa soko lenyewe, wenye haki ya kusimamisha onyesho.

Mahali pazuri kuliko pote pa kazi hii ni makazi ya kale ya Thimlich Ohinga, Nyatike, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na zilianza kujengwa yapata karne ya 16. Wabantu na Waniloti walikaa humo kwa nyakati tofauti, na waliofika baadaye walizikarabati kuta walizozikuta kwa mtindo uleule. Mwalimu akiwapeleka watoto pale, hana haja ya maandishi ya mchezo. Kundi moja linaondoka likiacha lango wazi. Jingine linafika jioni na mifugo, linakuta ukuta umebomoka upande mmoja, na mtoto wa kwanza kuinua jiwe anapaswa kuwaambia wenzake analiweka wapi na kwa nini.